Jesse Livermore na vitunguu vya Chwele

Mwezi uliopita nilisafiri hadi Chwele, kaunti ya Bungoma, kumjulia hali mpwa wangu. Wengi wetu hapa pwani Chwele tunaisikia kwa madereva wa malori tu. Ukitoka Bungoma mjini unapita Kibabii, unaendelea kupanda taratibu, na asubuhi ikiwa haina mawingu unauona Mlima Elgon umekaa mbele yako. Soko lake ni la wazi na ni kubwa kweli. Wenyeji watakuambia kwamba baada ya Karatina ni lao. Ndizi, nyanya, vitunguu, kuku, ng'ombe, vyote viko hapo, na siku ya soko mtu wa kawaida hapati pa kuweka mguu.

Mpwa wangu ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Alioa huko bara, na sasa kazi yake ni kununua vitunguu na ndizi na kupakia lori la kushuka Kongowea. Ni kijana mwenye bidii, alhamdulillahi. Lakini safari hii, baada ya chai ya alasiri, alinivuta pembeni akaniambia ana jambo. Alitaka nimkopeshe shilingi laki moja na nusu. Nikadhani ni mtaji wa vitunguu. Kumbe alitaka kuingia katika hisa za Marekani kwa simu, na si kununua hisa. Alitaka, kwa lugha yao vijana, kushoti.

Kushoti ni kuuza kitu cha kuazima. Unaamini hisa fulani itaanguka bei. Huna hata moja. Unaziazima kwa mwenye nazo kupitia dalali, unaziuza leo kwa bei ya juu, halafu unangoja. Bei ikianguka unazinunua kwa rahisi, unamrudishia mwenyewe hisa zake, na tofauti ni yako. Bei ikipanda, lazima bado uzirudishe, hata kama itabidi uzinunue kwa mara mbili ya ulivyoziuza.

Nilipomsikiliza nilikumbuka mtu mmoja ambaye maisha yake nimeyasoma zaidi ya mara moja, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Jina lake Jesse Livermore, Mmarekani, ambaye hadi leo watu wa hisa humtaja kama mkubwa wa wauzaji wa cha kuazima. Nilimsimulia mpwa wangu usiku ule baada ya Isha, na wiki hii nimeona niwasimulie na nyinyi.

Livermore alizaliwa tarehe 26 Julai 1877 katika mji mdogo wa Shrewsbury, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walikuwa wakulima wa ardhi ngumu, na maskini. Mtoto alikuwa hodari wa hesabu kupita wenzake, lakini baba yake aliona shule imetosha, sasa ashike jembe. Mama hakukubaliana na hilo. Akiwa na miaka 14 mama alimpa vijisenti na dua njema, kijana akatoka nyumbani kwenda Boston. Huko alipata kazi katika ofisi ya madalali wa Paine Webber. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika bei za hisa kwa chaki kwenye ubao mkubwa, kila zikifika kwa waya. Mshahara ulikuwa dola 5 kwa wiki.

Wenzake waliandika bei na kusahau. Yeye alizihifadhi. Alikuwa na kidaftari ambamo aliandika bei ya leo, ya jana na ya juzi, akitazama kama kuna mwendo unaojirudia. Hakujua makampuni yale yanafanya nini wala hakujali. Alijali nambari tu, jinsi zinavyopumua kabla ya kupanda na kabla ya kushuka.

Wakati ule Boston ilijaa vibanda ambavyo kwa nje vilifanana na ofisi za madalali. Ndani kulikuwa na ubao wa bei na dirisha la kulipia. Ulilipa dau dogo, tuseme dola 1 kwa hisa ya dola 100, ukasema itapanda au itashuka. Hakuna hisa iliyonunuliwa wala kuuzwa popote. Mwenye kibanda ndiye aliyekuwa upande wa pili wa dau lako. Bei ikienda kinyume na wewe kwa dola moja tu, dau limekwisha. Na kwa kuwa bei za hisa hutikisika kila saa, wengi walikwisha kabla ya adhuhuri.

Livermore hakukwisha. Inasimuliwa kwamba faida yake ya kwanza ilikuwa dola 3 na senti 12. Alipofika miaka 15 alikuwa na dola 1,000 aliyoweza kumwonyesha mama yake, na mshahara wa chaki akauacha. Ikawa wenye vibanda wanamwona akiingia wanafunga dirisha. Alibadilisha majina, alivaa nguo za kujificha, alikwenda miji mingine. Mwisho wakamjua kila mahali, na hakuna kibanda kilichotaka dau lake. Hapo ndipo ujue biashara ile ilikuwa ya nani. Mteja aliyeshindwa alikaribishwa kesho arudi. Aliyeshinda ndiye aliyefukuzwa.

Nilimwambia mpwa wangu asimame hapo kidogo, anionyeshe hiyo programu ya kwenye simu yake. Tukaisoma pamoja. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba atamiliki hisa, wala kwamba kuna mtu atakayemwazima hisa yoyote. Ni mkataba wa tofauti ya bei kati yake na kampuni yenyewe. Kampuni ikampa nafasi ya kucheza na pesa mara nyingi zaidi ya alizoweka. Yaani kile kibanda cha Boston kimehamia mfukoni mwake. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walipochunguza biashara ya namna hii, walikuta kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida hupoteza pesa. Ndiyo sababu wakalazimisha onyo liandikwe pale pale kwenye matangazo. Hapa Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilitoa kanuni za kuwapa leseni madalali wa fedha za kigeni wa mtandaoni mwaka 2017, na bado wapo wanaowafikia vijana wetu bila leseni yoyote. Mpwa wangu hakuwa ametazama kama kampuni yake imo katika orodha.

Turudi kwa Livermore. Alipofungiwa vibanda alikwenda New York, kwenye soko lenyewe. Na huko akafilisika haraka. Sababu ni ya kuchekesha kama si ya kulia. Kwenye kibanda bei iliyo ubaoni ndiyo bei unayopata papo hapo. Kwenye soko la kweli agizo lako linakwenda hadi sakafuni, linatafuta mtu wa kununua, na likirudi bei imeshahama. Yule kijana mwenye macho makali alikuwa anasoma bei za jana akidhani ni za sasa.

Mei 1901 lilimpata kubwa zaidi. Matajiri wawili wa reli, Harriman upande mmoja na Hill akiungwa mkono na J. P. Morgan upande wa pili, walikuwa wakigombania kampuni ya Northern Pacific. Kila mmoja alinunua hisa zote alizoziona. Wauzaji wa cha kuazima walipoona bei imepanda bila sababu, waliona ni upuuzi, wakaziuza kwa wingi hisa wasizokuwa nazo. Siku ya kuzirudisha ilipofika, hakukuwa na hisa ya kununua. Zote zilikuwa kwenye makabati ya hao matajiri wawili. Tarehe 9 Mei bei ilifika dola 1,000 kwa hisa moja, ilhali wiki chache kabla ilikuwa kwenye dola mia na kitu. Ili kupata fedha za kujiokoa, watu wakauza kila hisa nyingine waliyokuwa nayo, na soko zima likaporomoka. Livermore alikuwa ameona kwamba bei zitaporomoka na kisha zitarudi. Aliona sawasawa kabisa. Lakini siku ile waya zilichelewa, maagizo yake ya kuuza yalitimizwa bei zikiwa zimeshafika chini, na alipogeuka kununua zilikuwa zimeshapanda. Aliingia siku ile na kama dola 50,000, akatoka hana kitu.

Hapa mpwa wangu alikaa kimya kidogo, na nilijua anawaza nini. Mwaka 2023 kitunguu kilipoadimika, yeye alikuwa ameshapokea kitu kidogo cha kufungia maneno kutoka kwa mnunuzi wa Mombasa, akaahidi magunia kwa bei ya siku ile, akitarajia kwamba vitunguu vya Tanzania vitaingia kwa wingi, bei ianguke, na yeye anunue kwa rahisi. Vitunguu vya Tanzania havikuja vya kutosha. Bei ikapanda wiki baada ya wiki. Mnunuzi anataka magunia yake, na sokoni kila mwenye gunia anajua kwamba kuna mtu lazima anunue. Aliuza pikipiki. Kwa hiyo hakuna haja ya mimi kumweleza maana ya kubanwa na ulichouza kabla hujawa nacho. Ameionja. Alichoamini ni kwamba hisa ni kitu kingine, kwa kuwa ni za Marekani na ziko kwenye kioo.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Mtume wetu (s.a.w.) alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam asiuze asichokuwa nacho. Pia watu wa Madina waliachiwa mlango wa salam, ambapo mnunuzi wa tende au nafaka hulipa bei yote mapema, kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana, mkulima akapata cha kulimia. Mimi si sheikh, na msomaji mwenye kutaka hukumu aende kwa wenye elimu. Lakini wengi wa wanazuoni wanaoandika juu ya fedha za zama hizi wanaikataa biashara ya kuuza hisa za kuazima, na riba ya mkopo wa dalali inaongeza uzito wake. Ukipita Trans Nzoia na Bungoma utakuta pia kinyume cha salam, walanguzi wanaonunua mahindi ya mkulima yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei ya njaa, kwa sababu karo ya shule haingoji mavuno. Hilo nalo lina hesabu yake mbele ya Mola, ila leo si mada yangu.

Livermore alirudi kwenye vibanda vilivyobaki, akakusanya upya, akarudi New York. Sasa alikuwa amebadilika. Aliacha kutafuta faida ya nusu dola kila saa na kuanza kuutazama mwendo wa soko zima. Aprili 1906 akiwa mapumzikoni aliuza hisa nyingi za kuazima za reli ya Union Pacific, bila sababu anayoweza kuieleza isipokuwa kwamba aliona lazima auze. Tarehe 18 tetemeko likaivunja San Francisco. Siku za mwanzo bei hazikuanguka hata kidogo, na yeye akazidi kuuza. Kisha zikaanguka. Alipata dola 250,000. Mimi habari hii huwa inanisumbua. Watu wamekufa chini ya vifusi, mji unawaka moto, na kuna mtu anahesabu. Hakusababisha yeye, ni kweli. Lakini ndiyo sura ya biashara hii, kwamba unakaa unaomba mambo yaharibike.

Mwaka uliofuata ndio uliomfanya jina. Oktoba 1907 mabenki ya New York yaliishiwa na fedha na wenye amana wakapanga foleni mitaani. Livermore alikuwa ameuza kwa miezi. Tarehe 24 Oktoba alipata zaidi ya dola milioni 1 kwa siku moja. Siku hiyo hiyo Morgan alikuwa akikusanya mamilioni kwa matajiri wenzake ili soko lisifungwe. Akamfikishia Livermore ombi kwamba aache kuuza, kwani akiendelea hakutabaki soko la mtu yeyote. Livermore akakubali. Akafunga mauzo yake, akageuka akawa mnunuzi, na bei zilipopanda akapata tena. Jumla alimaliza na kama dola milioni 3. Alikuwa na miaka 30.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Haikupita hata miaka miwili. Mwaka 1908 aliingia katika pamba, na mtu mmoja mwenye sifa kubwa katika biashara hiyo, Teddy Price, akamshawishi kwamba bei itapanda. Livermore alikuwa na kanuni zake mwenyewe: usifuate maneno ya mtu, usiongeze pesa mahali unapopata hasara, ukiona umekosea toka mapema. Akazivunja zote. Bei ilishuka, akanunua zaidi. Ikashuka tena, akanunua zaidi tena, na ili apate fedha akauza bidhaa nyingine iliyokuwa ikimletea faida. Milioni zake zikateketea. Akaishi miaka ya madeni, madalali wakimkopesha kwa ajili ya jina lake, naye akizidi kuzama, hadi mwaka 1915 alipotangazwa rasmi kuwa amefilisika, madeni yakikaribia dola milioni 1.

Nitamsifu kwa hili. Sheria ilipomfutia madeni na baadaye akainuka tena wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliwarudia waliokuwa wakimdai akawalipa, ilhali hakuna mahakama iliyomlazimisha. Wangapi kwetu wangefanya?

Miaka ya 1920 alikuwa mfalme. Alioa mke wa pili, Dorothy, mwaka 1918, wakapata watoto wawili wa kiume. Nyumba kubwa Great Neck, jahazi la kifahari, magari, watumishi. Mwaka 1923 mwandishi Edwin Lefèvre alitoa kitabu kilichoeleza maisha yake chini ya jina la kubuni, na kitabu hicho hadi leo vijana wa hisa hukisoma kama msahafu, astaghfirullah. Mwaka huo huo alihusika upande wa pili wa mtego. Clarence Saunders, mwanzilishi wa maduka ya Piggly Wiggly, alimwajiri amsaidie kununua hisa zote za kampuni yake ili awabane wauzaji wa cha kuazima. Livermore alijitoa kabla ya mwisho. Machi 1923 Saunders alifanikiwa kuwabana, bei ikaruka, lakini wakuu wa soko wakasimamisha biashara ya hisa hiyo na kuwapa waliobanwa muda wa kutafuta hisa mikoani. Saunders ndiye aliyefilisika. Yaani hata ukishinda mchezo, wenye uwanja wanaweza kubadilisha kanuni jioni hiyo hiyo. Walioifuata hisa ya GameStop Januari 2021, ilipopanda hadi dola 483 kisha vitufe vya kununua vikazimwa kwenye simu zao, wanaijua ladha yake.

Ofisi yake ilikuwa juu ya jumba refu la Fifth Avenue, mlangoni hapakuwa na jina. Ndani vijana waliandika bei ubaoni, kazi ile ile aliyoianza yeye kwa dola 5, na hawakuruhusiwa kuongea. Mbinu yake ilikuwa ya subira. Aliuza kidogo kwanza, kama mtu anayetia kidole majini. Bei ikishuka kama alivyotarajia, anauza kingine. Ikipanda, anatoka na hasara ndogo, hangoji. Mwaka 1929 alijaribu hivyo mara kadhaa na kupoteza kabla ya kupata wakati wake. Aligawa mauzo yake kwa madalali zaidi ya mia moja ili mtu yeyote asijue ni yeye. Oktoba soko lilipovunjika, inakadiriwa alipata dola milioni 100. Inasimuliwa kwamba jioni ile alipofika nyumbani alikuta mke wake ameshaondoa samani, akidhani wamefilisika kama majirani zao.

Magazeti yalimtaja kuwa ndiye aliyelivunja soko. Si kweli, hakuna mtu mmoja mwenye nguvu hiyo. Lakini watu waliopoteza akiba ya maisha yao walimtumia vitisho vya kuuawa, akawa anatembea na mlinzi.

Mtu mwenye dola milioni 100 mwaka 1929, wakati mamilioni hawana mkate. Je, alifanya nini nazo? Alizipoteza. Ndani ya miaka minne na miezi michache. Hata wanaomsoma sana hawakubaliani zilikwenda wapi hasa. Soko liliendelea kuanguka hadi Julai 1932, likiwa limepoteza karibu asilimia 89, na hata katika mteremko ule, ambao ungeonekana umeumbwa kwa ajili yake, alipoteza. Mwaka 1932 ndoa ilivunjika, mwaka uliofuata akaoa wa tatu. Machi 1934 akatangazwa kufilisika kwa mara ya mwisho akiwa na madeni ya zaidi ya dola milioni 2, na soko la nafaka la Chicago likamsimamisha uanachama. Mwaka huo huo serikali ya Marekani iliunda tume ya kusimamia hisa, na mwaka 1938 ikatoka kanuni ya kuwazuia wauzaji wa cha kuazima wasiuze wakati bei inaporomoka. Dunia aliyoijua ilifungwa.

Nilipofika hapa mpwa wangu aliuliza swali zuri. Kama mbinu zilikuwa nzuri hivyo, na macho yalikuwa makali hivyo, kwa nini pesa hazikukaa? Nikachukua karatasi tukapiga hesabu, kwa mfano wa kubuni. Umeazima hisa 100 za shilingi 50, umeuza 5,000. Dalali anachukua asilimia 1, ni 50. Bei imeshuka hadi 49, umeshinda, unanunua kwa 4,900. Dalali asilimia 1 tena, ni 49. Umepata 100, umelipa 99. Shilingi moja. Na bado hujalipa ada ya kuazima, ambayo huhesabiwa kwa siku, na hisa inayotakwa na wengi ada yake huwa kali. Kampuni ikitoa gawio wakati hisa za watu ziko mikononi mwako, gawio hilo unalilipa wewe kutoka mfukoni. Mwenye hisa akizitaka, unazirudisha siku asiyokupangia wewe. Bei ikipanda, dalali anataka uongeze dhamana, la sivyo anakufungia hasara yako pale pale. Na uliyenunua hisa kwa 50 hasara yako kubwa ni 50. Aliyeuza kwa 50 hana dari. Anayefanya hivi mara kumi kwa siku anamlipa dalali mara ishirini. Hata Livermore alikuja kuona kwamba pesa yake kubwa haikutoka kwenye hekaheka za kila saa. Ilitoka kwenye kukaa kimya kwa miezi. Lakini hakuweza kukaa kimya maisha yake yote. Aliyelelewa na ubao wa bei hawezi kuishi chumba kisicho na ubao.

Soko letu la Nairobi, lililoanza mwaka 1954, limeruhusu kununua na kuuza hisa hiyo hiyo ndani ya siku moja tangu Novemba 2021, na kanuni za kuazimana hisa zipo tangu 2017. Kwa hiyo mlango uko wazi kisheria. Lakini wengi wetu hatujasahau hisa za Safaricom za 2008, zilizouzwa shilingi 5, watu wakakopa ili wanunue, na mwaka uliofuata zikawa chini ya shilingi 3. Hao walinunua tu, hawakuazima hisa ya mtu. Aliyesubiri alikuja kupata. Aliyekopa hakuweza kusubiri.

Machi 1940 Livermore alitoa kitabu cha kufundisha watu namna ya kufanya biashara ya hisa. Hakikuuzwa sana. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, katika hoteli moja ya Manhattan alipozoea kwenda, alijiua. Alikuwa na miaka 63. Aliacha barua kwa mke wake ambamo alijiona kuwa mtu aliyeshindwa. Sitasema zaidi ya hapo. Mtu akifikia hali hiyo ana maradhi yanayohitaji mtu wa karibu na tabibu, na ikiwa wewe msomaji una ndugu aliyezama kwenye madeni ya simu, usimngoje akuambie.

Nilisema nitaeleza kwa nini nimeyasoma maisha yake zaidi ya mara moja. Mwaka 2019 na mimi niliweka pesa katika programu ya namna hiyo, kampuni siitaji. Nilishinda siku nne za kwanza. Wiki ya tatu nilikuwa nimebaki na shilingi mia tatu na kitu, na kabla ya kufika hapo nilikuwa nimechukua ada ya madrasa ya watoto na kuirudishia kwa mkopo wa simu. Nilikuwa nikisubiri mke alale ndipo nitazame bei za Marekani, maana soko lao hufunguliwa huku kwetu jioni. Swala ya Isha nilikuwa naswali mbio. Nilianza kumsoma Livermore wakati ule nikitafuta mbinu.

Mpwa wangu aliniuliza nilipoteza kiasi gani. Sijawahi kumwambia mtu, hata mamake watoto ameujua mkopo tu, hajaijua sababu. Nikamwambia. Elfu sitini na mbili. Alitazama chini, kisha akaniuliza kama bado ninadaiwa, nikamwambia nilimaliza 2021. Hakuomba tena ile laki na nusu usiku ule, wala hakusema kwamba hataitafuta kwingine.

Alfajiri lori lilikuwa linapakiwa, magunia ya vitunguu chini, ndizi juu. Dereva alinipa nafasi mbele hadi Bungoma. Mpwa wangu alikuwa nyuma akihesabu magunia, kalamu sikioni, simu imo mfukoni.